Doria ya Usiku Katika Ghala la Maandishi

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Kiongozi wa darasa ayasome tena kwa sauti, pole pole, baada ya kipindi kwisha.

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mmoja ana kalamu na karatasi mbele yake. Leo tutafanya hesabu kidogo, lakini msiogope. Ni kujumlisha na kutoa tu, mambo mliyokwisha kujifunza. Kiongozi wa darasa na asimame karibu na ubao, chaki mkononi.

Jambo tutakalolizungumza leo ni geni kwa jina, lakini kwa desturi mnalijua tangu utotoni. Jambo lenyewe ni hili: kitu kilichowekwa akiba hakina budi kuchunguliwa mara kwa mara, hata kama leo hakuna anayekihitaji.

Ghala la mpunga na ghala la maandishi

Nitaanza na mpunga, maana nasema na watu wa Ifakara, wa Mang'ula, wa Mlimba, na wa ng'ambo ya mto Kilombero, na huko hakuna asiyejua mpunga. Basi, umevuna. Umepura, umepepeta, umeanika ukakauka barabara. Umejaza magunia 40, ukayapanga ghalani juu ya chaga, ili yasiguse sakafu. Sasa wataka kungojea bei ipande. Je, utafunga mlango, utie kufuli, na kurudi baada ya miezi sita?

Mtu mwenye busara hafanyi hivyo. Kila baada ya siku chache huingia na taa yake. Huinama akatazama chini ya chaga kama mchwa wamepanda. Hunusa kama kuna harufu ya uvundo. Huchukua bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, akalichoma gunia la chini kabisa, akatoa punje chache na kuzitazama kiganjani. Kwa nini la chini? Kwa sababu gunia la juu kila mtu huliona. Hatari imo katika gunia la chini, lile ambalo hakuna anayeligusa mpaka siku ya shida.

Sasa tuliache ghala la mpunga, twende kwenye ghala la namna nyingine, ghala la maandishi.

Pale Ifakara ipo Taasisi ya Afya ya Ifakara. Asili yake ni maabara ya Waswisi iliyoanzishwa katika miaka ya 1950, baada ya Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel kufika Ifakara mwaka 1949. Mwaka 1996 wafanyakazi wa utafiti wa Ifakara walianza kazi kubwa ya kuandika watu wa vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Walizitembelea kaya nyumba kwa nyumba, na kuzirudia kila baada ya miezi 4, wakiuliza yale yale: Nani amezaliwa? Nani amefariki? Nani amehama, na nani amehamia? Bila shaka wako miongoni mwenu waliopata kuulizwa maswali hayo, wakaona ni usumbufu tu.

Usumbufu ule ulizaa matunda. Katika miaka ile ile vyandarua vyenye dawa vilikuwa vikiuzwa kwa bei nafuu katika bonde la Kilombero. Swali lilikuwa moja: Je, vinaokoa watoto kweli, au ni maneno tu? Mwaka 2001 jibu lilichapishwa. Kwa watoto wa umri wa mwezi 1 mpaka miaka 4, vyandarua vile vilikwenda pamoja na ongezeko la 27 kwa mia katika kunusurika kwao. Jibu hilo halikutoka kwa mganga wala kwa mwanasiasa. Lilitoka katika kuandika, na katika kuyatunza yaliyoandikwa. Kama nusu ya maandishi yale yangalipotea, jibu lingalipatikana wapi?

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi leo naongeza swali moja: Na daftari lenyewe likianza kuoza, nani atatupa habari?

Daftari la siku hizi

Siku hizi maandishi ya utafiti, ya hospitali, ya shule, ya vyama vya ushirika na ya halmashauri huwekwa zaidi na zaidi ndani ya kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna kifaa kiitwacho diski. Diski ya aina iliyozoeleka ina sahani nyembamba za madini au kioo, zilizopakwa rangi yenye usumaku. Sahani hizo huzunguka upesi mno, katika diski nyingi mara 7,200 kwa dakika moja, na kijimkono kidogo hupita juu yake, kikiandika na kusoma. Ziko pia diski za aina mpya zisizo na sahani wala kitu kinachozunguka, lakini nazo huzeeka kama zile nyingine.

Diski ni kifaa, na kila kifaa hufa. Kwa hiyo mafundi hawaweki maandishi ya thamani katika diski moja tu. Huziweka diski kadhaa pamoja, zikafanya kazi kama diski moja kubwa, na ndani yake wakaweka akiba, ili diski moja ikifa maandishi yasipotee. Mpango huo huitwa RAID, na husomwa "reidi". Ulielezwa kwa jina hilo mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, mji wa Berkeley, huko Marekani: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz.

Hesabu ya akiba

Sasa shikeni kalamu. Kiongozi aandike ubaoni herufi nne: A, B, C na D. Hizi ni diski zetu nne.

Chini ya A andika 7. Chini ya B andika 5. Chini ya C andika 9. Hayo ndiyo maandishi yetu, tuseme ni magunia yaliyoletwa na wakulima watatu. Sasa jumlisheni: 7 na 5 na 9. Mmepata ngapi? Naam, 21. Basi chini ya D andikeni 21. Hiyo diski D haina maandishi ya mkulima ye yote. Ina jumla tu. Hiyo ndiyo hesabu ya akiba.

Sasa diski B imekufa. Kiongozi afute ile 5. Je, habari za mkulima wa pili zimepotea? La. Chukueni 21, toeni 7, inabaki 14. Toeni 9, inabaki 5. Tumeirudisha! Fundi huweka diski mpya mahali pa B, na kompyuta hufanya hesabu hiyo mara nyingi mno mpaka diski mpya ijae. Hiyo huitwa kujenga upya.

Kwa wale wanaopenda kujua zaidi: kompyuta yenyewe haijumlishi kama sisi. Yenyewe huandika kwa alama mbili tu, 1 na 0, na hesabu yake ya akiba ni ya shufwa na witiri. Huhesabu zile alama za 1 zilizo katika mstari mmoja. Zikiwa witiri, huongeza 1 nyingine ili ziwe shufwa. Zikiwa shufwa, huweka 0. Alama moja ikipotea, kompyuta hutazama zilizobaki na kujua iliyopotea ilikuwa ipi. Tena, kwa kweli hesabu ya akiba haikai daima katika diski moja. Mara nyingi huzungushwa, leo katika hii, kesho katika ile. Lakini maana ni ile ile ya 7, 5, 9 na 21.

Kosa lililolala

Hapa ndipo watu wengi husimama. Husema, "Basi tumepona! Diski ikifa, tutajenga upya." Lakini tazameni ubao tena.

Rudisheni hesabu yote: 7, 5, 9, na 21. Sasa diski B imekufa, nanyi mwataka kujenga upya. Mnapofika kwenye diski C kuisoma ile 9, mnakuta haisomeki. Wino umefutika. Diski C haikufa. Inazunguka vizuri, na kurasa zake nyingine zote zasomeka. Ni sehemu hii moja tu iliyoharibika. Haya, fanyeni hesabu: 21 toa 7, inabaki 14. Hiyo 14 ni ya B na C pamoja. Je, ni 5 na 9? Au ni 6 na 8? Au ni 10 na 4? Hakuna ajuaye. Jumla ipo, lakini haitusaidii tena.

Sasa nawauliza: ile 9 katika diski C iliharibika lini? Labda si leo. Labda iliharibika miezi minane iliyopita, na kwa muda wote huo hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeifungua karatasi hiyo. Diski haipigi kelele kwa sehemu isiyosomwa. Kosa lilikuwa limelala, likingojea siku ambayo kosa jingine litakuja. Na kama lingalionekana miezi minane iliyopita, wakati B ilipokuwa hai, lingalitengenezwa kwa hesabu rahisi kabisa: 21 toa 7 toa 5, jibu 9. Andika tena, kazi imekwisha.

Nitawaambia jambo nililoliona kwa macho yangu. Niliitwa kusaidia ofisi moja, jina lake silitaji, iliyotunza hesabu za wakulima walioleta mpunga. Walikuwa na diski nne kama zetu. Moja ikafa. Karani wala hakushtuka, alisema, "Mtambo wetu una akiba." Tukaweka diski mpya, kompyuta ikaanza kujenga upya. Ilipopita nusu ya kazi, ikasimama. Diski ya pili ilikuwa na sehemu isiyosomeka, na sehemu hiyo ilikuwa ya hesabu za misimu miwili nyuma, ambazo tangu kufungwa hakuna aliyezitazama.

Ikabidi wakulima waitwe waje na risiti zao za karatasi. Wenye risiti walilipwa sawasawa baki yao. Lakini alikuja mama mmoja na risiti iliyotafunwa na panya. Tarehe yaonekana, idadi ya magunia haionekani. Alisema magunia 11. Hakuna aliyemwita mwongo, lakini hakuna aliyeweza kuandika 11 bila ushahidi. Alikaa juu ya benchi pale nje mpaka jioni. Sikujua nimwambie nini, maana najua mtambo ule ulikuwa na uwezo wa kulitafuta kosa lile kila mwezi, na kazi hiyo ilikuwa imezimwa na mtu kwa kuwa, ati, inachelewesha kompyuta.

Doria

Sasa tuitazame kazi hiyo iliyozimwa. Naiita doria.

Nyote mnaijua reli ya TAZARA, ipitayo Ifakara na Mlimba katika safari yake ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Katika kazi ya reli kuna watu ambao hutembea kwa miguu juu ya njia, wakitazama kila chuma na kila taruma. Hawangoji treni ianguke ndipo waitafute skrubu iliyolegea. Na treni ikija, mtu wa doria hufanya nini? Husogea pembeni, akaipisha. Ikiisha kupita, hurudi njiani na kuendelea pale alipoachia.

Doria ya diski ni hivyo hivyo. Kompyuta huanza mwanzo wa diski zote, husoma mstari wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu, mpaka mwisho, hata zile sehemu ambazo hakuna mtu aliyezigusa kwa mwaka mzima. Ni kama kuchoma bambo katika kila gunia, la juu na la chini. Karani akitaka kufungua faili, doria humpisha. Karani akipumzika, doria huendelea. Kwa sababu hiyo watu huweza kufanya kazi yao bila kujua kwamba ulinzi unaendelea chini yake.

Doria ikikuta sehemu isiyosomeka, hufanya mambo matatu. Kwanza, hutafuta jibu kwa hesabu ya akiba, kama tulivyofanya ubaoni. Pili, huliandika jibu hilo tena katika diski ile ile. Na diski, ikiona mahali pale pamekufa, hulipeleka andiko mahali pengine palipowekwa akiba kwa kazi hiyo. Tatu, huandika habari katika kitabu chake: siku fulani, diski fulani, kosa fulani.

Kazi hii huchukua muda gani? Tufanye hesabu. Tuseme diski moja ina nafasi ya terabaiti 8. Terabaiti moja ni megabaiti milioni moja, na megabaiti moja ni kama herufi milioni moja. Kwa hiyo diski yetu ina megabaiti 8,000,000. Tuseme inasoma megabaiti 200 kwa sekunde. Gawanyeni 8,000,000 kwa 200. Jibu ni sekunde 40,000. Muda wa saa moja una sekunde 3,600. Gawanyeni tena: mtapata saa 11 na dakika 6 hivi. Na hiyo ni kama hakuna treni yo yote inayopita. Kama kompyuta inatumika mchana kutwa, doria yaweza kuchukua siku mbili tatu.

Ndiyo maana doria hupangwa wakati wa utulivu. Katika kompyuta zinazotumia programu ya Linux ya aina iitwayo Debian, kwa miaka mingi doria ilipangwa kuanza usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa saba kasoro dakika 3. Mitambo mingine hufanya kila juma, mingine kila majuma mawili.

Labda mtasema: Mwalimu anatutisha; makosa haya yaliyolala ni mangapi? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya diski 1,530,000 walizozichunguza kwa muda wa miezi 32. Katika kila diski 100, kama tatu na nusu zilionekana kuwa na sehemu zisizosomeka. Zaidi ya 60 kwa mia ya makosa hayo hayakugunduliwa na mtu aliyekuwa akifungua faili. Yaligunduliwa na doria. Hayo, bila doria, yangaliendelea kulala.

Nani anasema kweli?

Kuna jambo jingine gumu kidogo, na msikilize kwa makini. Mara nyingine doria husoma diski zote vizuri, hakuna iliyofutika, lakini hesabu haikubali. A inasema 7, B inasema 5, C inasema 9, na D inasema 20. Kila andiko lasomeka wazi, lakini 7 na 5 na 9 ni 21, si 20.

Hili laweza kutokea umeme ukikatika ghafula. Kompyuta ilikuwa imekwisha kuandika gunia jipya katika diski moja, ikawa haijawahi kusahihisha jumla katika diski nyingine, na giza likaingia. Nyinyi mnajua umeme ukatikavyo wakati wa masika.

Sasa nani anasema uongo? Je, ni D? Au ni B, ambaye kweli yake ilikuwa 4? Kwa hesabu ya akiba moja tu, haiwezekani kujua. Mashahidi wanapingana, na hakuna wa tatu. Mtambo ukiamriwa kutengeneza, mara nyingi huamini maandishi na kubadili jumla, na huenda ukaipa haki diski yenye kosa. Kwa hiyo fundi mwangalifu kwanza huamuru doria ya kutazama tu, bila kubadili kitu. Husoma taarifa, kisha ndipo huamua.

Ipo dawa nzuri zaidi. Ziko programu ambazo huweka juu ya kila andiko alama yake ya uthibitisho, mfano wa lebo iliyoshonwa mdomoni mwa gunia ikitaja uzito wake. Doria ikipita hupima gunia na kusoma lebo. Gunia ambalo uzito wake haulingani na lebo ndilo lenye kosa, na hapo hutengenezwa bila ubishi. Na ziko pia RAID zenye hesabu mbili za akiba badala ya moja. Hizo huweza kustahimili diski mbili kufa, au diski moja kufa na sehemu ya nyingine kufutika, kama ilivyokuwa katika ile ofisi. Ofisi yenye maandishi mengi na diski kubwa yafaa itumie hizo.

Mambo matatu ya kushika

Kabla hatujafika mwisho, nawapa mambo matatu. Mwaweza kusema, "Sisi hatuna kompyuta kubwa, yatuhusu nini?" Yawahusu, kwa kuwa majina yenu yamo humo. Kadi ya kliniki ya mtoto, hati ya shamba, mchango wa chama, vyote hivyo viko katika ghala la mtu fulani. Mwanachama ana haki ya kuuliza katika mkutano: Doria ya mwisho ilifanywa lini, na ilikuta nini?

La kwanza: doria isizimwe. Kama inachelewesha kazi, ipunguzwe mwendo, au ihamishiwe usiku. Anayeizima kwa sababu haoni faida yake ni kama anayemfukuza mlinzi kwa sababu mwizi hajaja.

La pili: taarifa isomwe. Doria inayoandika makosa katika kitabu kisichofunguliwa na mtu haina maana. Diski iliyopata kosa moja leo, na matatu mwezi ujao, na kumi mwezi wa tatu, inaaga. Ibadilishwe wakati bado inasema, isingojewe mpaka inyamaze. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu: doria si nakala. RAID na doria yake hulinda maandishi yasipotee kwa kufa au kuoza kwa diski. Hazilindi kitu mwizi akichukua kompyuta nzima, wala karani akifuta faili kwa bahati mbaya, kwani doria italinda kwa uaminifu hata kile kilichofutwa. Wala hazilindi maji. Watu wa Ifakara mnajua mto Lumemo unapofurika. Diski nne katika chumba kimoja hulowa pamoja. Kwa hiyo lazima iwepo nakala nyingine mbali, Morogoro au Dar es Salaam au po pote palipo salama. Na nakala hiyo nayo ifunguliwe mara kwa mara na kusomwa. Ile nayo ni gunia la chini.

Mama yule wa magunia 11 nilimwona tena baadaye. Kamati ya wanachama ilikaa, majirani waliobeba naye mpunga siku ile wakatoa ushahidi, na akaandikiwa 11 zake. Alipata haki yake kwa sababu watu walikumbuka. Lakini si kila mara watu hukumbuka, na maandishi yaliwekwa kwa ajili ya siku ambayo watu wamesahau.

Maneno ya somo la leo

Diski: kifaa cha kompyuta kinachotunza maandishi.
Hesabu ya akiba: jumla inayowekwa ili kurudisha kilichopotea.
Kujenga upya: kujaza diski mpya kwa hesabu ya akiba.
Kosa lililolala: sehemu iliyoharibika ambayo bado haijaonekana.
Doria: kusoma diski zote mwanzo mpaka mwisho, huku kazi ikiendelea.
Nakala: maandishi yale yale yaliyowekwa mahali pengine.

Maswali

1. Diski A ina 12, diski B imekufa, diski C ina 8, na jumla katika D ni 35. Diski B ilikuwa na ngapi?
2. Kwa nini hatari imo katika gunia la chini kuliko gunia la juu?
3. Diski ya terabaiti 4 inasoma megabaiti 200 kwa sekunde. Doria itachukua sekunde ngapi? Je, hizo ni saa ngapi na dakika ngapi hivi?
4. A ina 6, B ina 3, C ina 10, na D inasema 18. Je, waweza kusema ni diski ipi yenye kosa? Eleza sababu.
5. Mazungumzo ya darasa: Katika kijiji chenu ni maandishi gani yanayotunzwa kwa niaba yenu? Nani huyachunguza, na mara ngapi?

Majibu ya hesabu yaandikwe katika daftari, na kiongozi ayasahihishe kabla ya kipindi kijacho. Atakayerudi nyumbani leo, na achukue taa, aingie ghalani kwake, atazame gunia la chini.

Kwaherini, ndugu zangu. Mlale salama.